Diski za kache Aru: GB 500 mbili zinatosha, pesa inayobaki ina kazi nyingine

Ukifika Arua, ng'ambo ya mpaka upande wa Uganda, na kusema seva yako ya nyumbani imejaa, muuzaji atakutolea boksi mbili za TB 1, zile nyembamba za NVMe, na kukuhakikishia kwamba ndizo za kisasa. Ni za kisasa kweli. Lakini wewe unakaa Aru, upande wa Kongo, umeme wako unatoka kwenye paneli juu ya bati, na kila kebo iliyosahaulika inakurudisha mpakani Vurra. Hesabu yako haifanani na ya mtu wa Kampala.

Jibu kwanza, sababu baadaye. Kama ni lazima ununue sasa, chukua SSD mbili za SATA za GB 500, chipu ya aina ya TLC, kila moja ya kiwanda chake. Pesa inayobaki igawe kati ya betri ya kulinda seva na diski ya nje ya kuwekea nakala. Na kama hujajaribu mambo ya bure yaliyo hapa chini, usivuke mpaka bado.

Ninaongea na mwenye kompyuta ya zamani iliyogeuzwa ghala: mpiga video wa harusi, mhasibu wa chama cha akiba, mtu wa redio anayehifadhi vipindi, au familia yenye picha za miaka kumi. Ndani ya boksi mna diski ngumu mbili au tatu, zile za kuzunguka, na mbele yake SSD mbili ndogo za kache, mara nyingi za GB 240 au 250, zinazonakiliana. Faili mpya hutua kwanza kwenye SSD, kisha programu ya kuhamisha huipeleka kwenye diski kubwa. SSD zimewekwa mbili ili moja ikifa kabla ya uhamisho, kazi ya siku ibaki kwa pacha wake.

Kabla ya kutoa hata franka moja

Tazama saa ya uhamisho. Mifumo mingi ya seva huja imepangwa kuhamisha faili mara moja tu, usiku wa manane, kwa kuwa walioitengeneza wana umeme wa waya na usiku hakuna anayetumia mashine. Kwetu usiku ndipo betri inapoumia. Panga uhamisho saa sita mchana, jua likiwa kichwani, na tena saa tisa alasiri kabla halijalegea. Kache ya GB 250 inayomwagwa mara mbili kwa siku inaweza kupokea karibu mara mbili ya ile inayomwagwa mara moja. Umepata nafasi hiyo kwa kubadili mstari mmoja kwenye mipangilio.

Kisha amua ni faili zipi hazina haja ya kupitia kache. Video ya harusi ya GB 60 inaweza kwenda moja kwa moja kwenye diski ngumu. Diski ya kuzunguka huandika faili ndefu kwa megabaiti 150 au zaidi kwa sekunde, na waya wa mtandao wa gigabiti moja haupitishi zaidi ya 110 hivi. Kwa Wi-Fi ni chini ya hapo. Kama seva yako ina diski ya pariti, ile ya kurejeshea data diski nyingine ikifa, kasi hiyo itashuka, pengine hadi nusu au chini yake, na hapo utasubiri kidogo. Kusubiri hakulipiwi ushuru.

Kamera za ulinzi ndizo za kuondoa kwenye kache kabisa. Kamera nne zinazorekodi mfululizo, kila moja megabiti 2 kwa sekunde, huandika karibu GB 86 kwa siku, yaani zaidi ya TB 31 kwa mwaka. SSD nyingi nzuri za GB 250 zimeandikiwa uhai wa TB 150. Kamera pekee zitaimaliza kwa chini ya miaka mitano, kwa picha za geti ambazo hakuna atakayezitazama. Zielekeze kwenye diski ngumu.

Na kama kilichokusukuma kutafuta SSD mpya ni ujumbe wa makosa, soma ripoti ya afya ya diski, ile inayoitwa SMART, kabla ya kuihukumu. Makosa yaliyoandikwa CRC yakiongezeka huku sekta mbovu zikibaki sifuri, mkosaji karibu kila mara ni kebo ya SATA: imelegea, imekunjwa, au imeingia vumbi. Kebo mpya ni dola chache. Soma pia jumla ya data iliyokwisha kuandikwa na asilimia ya uhai iliyotumika. SSD iliyotumia asilimia 20 ya uhai wake haijachoka, hata kama stika yake imefifia.

Je, pacha ni lazima?

Swali hili wauzaji hawaliulizi, kwa kuwa jibu lake linaweza kuwapunguzia mauzo nusu nzima.

Diski mbili zinazonakiliana zinakinga jambo moja: kifo cha diski moja. Hazikingi umeme unapokatika ghafla katikati ya uandishi, maana zote mbili hukatika pamoja. Mtoto akifuta folda, inafutika kote kuwili. Radi haichagui, na mashariki mwa Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Mwizi naye hubeba boksi zima.

Kwa hiyo jiulize: faili zinapokuwa kwenye kache, je, zipo pia mahali pengine? Mpiga video asiyefuta kadi za kamera mpaka uhamisho wa mchana umekwisha hahitaji pacha. Nakala yake ya pili imo kwenye mkoba. Anunue SSD moja, na pesa ya ile ya pili aweke kwenye diski ya nje ambayo inalala nyumba nyingine, kwa shangazi au ofisini parokiani. Kwake huyo, SSD moja pamoja na diski ya nje ni ulinzi bora kuliko SSD mbili bila nakala yoyote.

Anayehitaji pacha ni yule ambaye kache yake ina vitu vinavyoishi humo daima: hifadhidata ya chama, barua pepe, programu zinazofanya kazi saa zote. Hivyo havihamishwi kwenda diski kubwa, na SSD ikifa navyo vimekwenda. Huyo anunue mbili, asibanie.

Kuna mtego hapa kwa mwenye fedha za awamu. Ukinunua moja ya GB 500 mwezi huu na kuifunga pamoja na ya zamani ya GB 250, utapata nafasi ya GB 250 tu, kwa sababu pacha mdogo ndiye anayeamua. Hutaona nafasi mpya mpaka ya pili ifike. Si vibaya kama ya zamani imeanza kufa, ila usinunue hivyo ukitarajia nafasi leo.

SATA, NVMe, mtumba, au ya seva

SATA ya inchi 2.5 inasoma na kuandika kwa megabaiti 550 hivi kwa sekunde. Ni mara nne au tano ya kile waya wako wa gigabiti unachoweza kubeba. NVMe hufika 3,000 na kuendelea, na kasi hiyo yote itakwama kwenye waya uleule. Kwa seva inayotumika kupitia mtandao wa nyumbani, tofauti hutaiona kwa macho.

Kwenye soko la dunia NVMe na SATA za ukubwa sawa hazipishani sana kwa bei. Gharama ya NVMe inajificha kwenye vinavyoizunguka. Kompyuta ya zamani haina tundu lake, kwa hiyo unanunua kadi ya kuichomeka. Yenye tundu mara nyingi huzima tundu moja au mawili ya SATA unapolitumia, na ghafla diski ngumu yako ya tatu haionekani. Soma kitabu cha ubao mama kwanza. Halafu kuna zile nyembamba za M.2 ambazo kwa ndani ni SATA, zinafanana kwa umbo na NVMe, na tundu la moja linaweza lisiikubali nyingine. Mtu wa Aru akikosea hapo amepoteza safari nzima.

SATA inaingia kokote. Seva ikiungua, unaichomoa na kuiweka kwenye laptopu yoyote ya zamani na kazi inaendelea. Siku ukitaka kuiuza, mnunuzi yupo, kwa kuwa kila mwenye laptopu inayosuasua anaitaka. Ndiyo maana naipendelea, hata pale NVMe inapokuwa na bei sawa.

Ukubwa nao una hesabu. GB 500 kwa kawaida hugharimu zaidi ya nusu ya TB 1, na muuzaji atakuonyesha hilo upesi: "Ongeza kidogo tu, mkubwa, upate mara mbili." Kwa gigabaiti moja moja ana haki. Lakini kache ni mahali pa kupitia, haijengwi kwa ajili ya kuhifadhi. Ukiwa unaimwaga mara mbili kwa siku, GB 500 ni nafasi ya kutosha kwa harusi kadhaa kwa mkupuo mmoja. Nafasi ya ziada utakayoilipia italala tupu, na "kidogo tu" ikizidishwa mara mbili ni bei ya diski ya nje.

Kuhusu uhai, usitishwe. SSD ya TLC ya GB 500 kwa kawaida huandikiwa TB 300, na ya TB 1 huandikiwa 600. Mwenye kuingiza GB 200 kwa wiki anaandika TB 10 na kitu kwa mwaka. Hata akizidisha mara mbili kwa ajili ya uandishi wa ndani wa mfumo, mashine yenyewe itakufa kwanza. Chipu ya QLC ni ya bei nafuu zaidi, uhai wake ulioandikwa mara nyingi ni nusu au chini, na ikijazwa kwa mfululizo kasi yake huanguka hata chini ya ile ya diski ngumu. Kwa kuhifadhi filamu inafaa. Kwa kache, ambayo kazi yake yote ni kuandikwa na kufutwa, ongeza dola chache uchukue TLC. Boksi lisilosema ni aina gani, hesabu kwamba ni QLC.

Mtumba haupaswi kudharauliwa. SSD za GB 256 au 512 zinazochomolewa kwenye laptopu za ofisi zilizotoka Ulaya mara nyingi huwa zimetumika kidogo tu. Kama muuzaji anakuruhusu kusoma SMART papo hapo, ni chaguo la heshima. Chukua mbili zilizotoka kwenye mashine tofauti. Asipokuruhusu, muage.

SSD za mtumba zilizokuwa kwenye seva kubwa zina kitu ambacho hizi za kawaida hazina: vihifadhi umeme vidogo vinavyoziwezesha kumaliza kuandika umeme ukikatika. Kwa umeme wa kwetu hicho ni kitu cha maana kweli, na uhai wao ulioandikwa mara nyingi unapita ule wa SSD ya kawaida kwa mbali. Shida ni kuzipata. Hazijai madukani Arua wala Bunia. Utaagiza kupitia ndugu aliye Ulaya au Marekani. Zinakula umeme zaidi pia, hata zikiwa zimetulia. Kama una ndugu anayekuja Krismasi, mwombe. Kama unahitaji mwezi huu, sahau.

Dola 100 za Kampala ni ngapi Aru?

Chukua mfano: SSD mbili, dola 50 kila moja, dukani Kampala. Weka bei uliyotajiwa wewe, njia ya hesabu ni ileile.

Ukituma pesa kwa simu upande wa Uganda, anayezitoa hukatwa ada ya mtandao, na juu yake kodi ya serikali ya asilimia 0.5 ya kiasi kinachotolewa, iliyopo tangu 2018. Ukibeba dola za noti, hakikisha hazina mchaniko wala doa. Noti iliyopasuka milimita mbili huku kwetu hukataliwa au hukatwa thamani, na utajua hilo ukiwa umefika kwenye meza ya kubadilisha. Ukibadilisha dola kwenda shilingi za Uganda, kisha chenji ukairudisha kwenye franka, umelipa mbadilishaji mara mbili. Shilingi zinatumika Aru bila tatizo; chenji ibakize hivyohivyo.

Kifurushi kinasafiri kwa basi karibu kilomita 500 hadi Arua, kupitia Karuma na Pakwach. SSD ya inchi 2.5 ina uzito wa gramu 50 hivi, kwa hiyo usafiri wake ni mdogo. Diski ngumu ya inchi 3.5 inapita nusu kilo na haipendi kurushwarushwa. Hiyo mtume mtu aibebe mkononi. Njia yenyewe si ya kuaminiwa kwa tarehe. Daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo kuanzia Septemba 2024, mabasi yalizungukia kwingine kwa miezi, na nauli zikafuata.

Halafu mpaka. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wapo wanaodhani kwamba ushuru Vurra umekwisha. Nafuu za Jumuiya ni za bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. SSD yako imetengenezwa Asia. DGDA, idara ya forodha ya Kongo, hutoza ushuru kufuatana na daraja la bidhaa, kisha TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 hupigwa juu ya bei pamoja na ushuru huo. Ikiwa daraja ni la asilimia 10, dola 100 zinakuwa 110, na TVA inazifikisha 127.60. Ongeza deklaran (wakala wa forodha) kama unamtumia, na pikipiki ya kwenda na kurudi. Usishangae ukifika 140.

Dai karatasi ya malipo yenye muhuri. Inakulinda kwenye kizuizi kinachofuata, na bila hiyo unaweza kulipishwa upya kwa kitu kilekile. Bei ya muuzaji wa Aru au Ariwara ikiwa dola 65 kwa diski ambayo Kampala ni 50, usimwite mnyang'anyi. Kwa hesabu hii amekuuzia kwa bei nzuri, na yuko karibu ukiwa na malalamiko.

Bunia je? Kwa mtu wa Aru mjini, naiweka mwisho. Barabara ya RN27 ni ndefu, ina vizuizi na siku ambazo hapiti mtu kwa sababu ya usalama, na vifaa vingi unavyovikuta Bunia vimepitia Uganda kabla yako. Ukiwa una safari yako nyingine huko, uliza bei. Usisafiri kwa ajili ya SSD.

Kwa wanaoagiza kupitia wafanyabiashara wa Dubai, bei ya mtaa wa kompyuta wa Bur Dubai inavutia, na mzigo mwepesi haulipiwi sana. Gharama yake ni muda na garanti. Kiwandani garanti ni miaka mitatu au mitano, lakini nani atairudisha SSD mbovu Dubai? Garanti unayoweza kuitumia ni ile ya duka unaloweza kulifikia kwa pikipiki, iliyoandikwa kwa mkono kwenye faktura, hata kama ni ya mwezi mmoja. Nyingine zihesabu kuwa sifuri unapolinganisha bei.

Je, usubiri zishuke? Katikati ya 2023 SSD ya TB 1 ilipatikana Marekani kwa chini ya dola 50. Tangu mwisho wa 2025 mwelekeo umegeuka: vituo vya data vya akili bandia vinanunua chipu za kumbukumbu kwa wingi, na bei zimepanda dunia nzima. Anayehitaji sasa hana faida ya kungoja. Anayeweza kuishi kwa kubadili saa ya uhamisho, aishi hivyo.

Bandia zipo

Diski ya nje ya "TB 16" kwa bei ya mlo wa watu wawili haipo. Ndani yake huwa mna kadi ndogo ya simu iliyofundishwa kudanganya ukubwa wake: inapokea faili zako zote, na zile zilizozidi uwezo wake wa kweli hupotea bila ujumbe wowote. Hata SSD za inchi 2.5 zimeanza kughushiwa hivyo.

Nenda na laptopu, adapta ya USB 3, na programu ya kupima kama F3 au H2testw, ambazo ni za bure. Hujaza diski yote kisha huisoma upya. Kwa GB 500 kwenye USB 3 tarajia chini ya saa moja ikiwa SSD ni nzuri. Kwenye USB 2 ni zaidi ya saa saba kwenda na kurudi, na hakuna duka litakalokusubiri. Adapta hiyo iweke kwenye bajeti, utaitumia tena. Soma pia saa za kazi kwenye SMART: SSD mpya haiwezi kuwa na saa 9,000.

Ukienda kupima Arua, kumbuka saa ya Uganda iko mbele ya yetu kwa saa moja. Ukitoka Aru saa sita mchana, huko ni saa saba, na jioni ya duka lao inakuja mapema.

Pesa iliyobaki

Betri ya dharura ya kompyuta ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza. Diski za seva za nyumbani haziharibiki kwa kuchoka tu. Zinaweza pia kuharibika, au kuvuruga faili, pale inveta inapokata bila kuaga saa nane usiku. Tafuta ndogo yenye waya wa USB wa kuongea na seva, ili umeme ukikatika seva ijizime yenyewe kwa utaratibu. Isiyo na waya huo inakupa dakika kumi ambazo hakuna mtu wa kuzitumia kama umelala. Uliza umri wa betri ya ndani: iliyokaa rafu miaka miwili inaweza kuwa imekufa. Ya Arua huja na plagi ya Kiingereza ya miguu mitatu ya mraba, nyumba yako ina tundu la miguu ya duara, basi adapta nzito nayo iingie kwenye orodha.

Kache iliyopangwa vizuri inarudisha pesa kwenye umeme pia, na hapa ndipo kwa mtu wa paneli ina thamani kuliko kwa mtu wa waya. Diski ngumu ya inchi 3.5 ikizunguka tu bila kazi hula wati 5 hivi. Mbili kwa siku nzima ni wati-saa 240, zaidi ya nusu ya kile paneli ya wati 100 inachokuletea siku yenye jua zuri. SSD zikipokea kazi, diski hizo hulala na kula chini ya wati moja kila moja, na zinaamka mchana tu wakati wa uhamisho. Weka muda wa kulala uwe dakika 30. Ukiweka dakika 5 zitaamka na kulala mara nyingi mno, na huko nako ni kuzichosha.

Siku ya kufunga

Fanya asubuhi yenye jua, betri zikiwa zimejaa. Simamisha programu zote, amuru uhamisho, na hakikisha kache imebaki tupu. Vile vinavyoishi humo daima vinakili kwenye diski ya nje na uvifungue uone kwamba vinasomeka. Kache ikishakuwa tupu huna sababu ya kubadili diski moja moja na kusubiri zinakiliane: ondoa zote mbili, funga mpya, unda kache upya, rudisha nakala. Kazi inaisha kabla ya chakula cha mchana. Njia ya moja moja iachie wale ambao seva yao haiwezi kuzimwa hata saa mbili, nao wasiguse ya pili mpaka mfumo useme ya kwanza imekamilika.

Usinunue waya wa kugawa umeme wa SATA ule ambao kichwa chake kimemiminwa kwa plastiki ya kipande kimoja. Unajulikana kwa kushika moto. Wenye kichwa cha kubanwa ni ghali kidogo na unapatikana. Washa kipengele cha TRIM, ambacho huiambia SSD ni nafasi ipi imeachwa wazi.

SSD za zamani, kama SMART yao bado ni safi, zinauzika Aru kwa wenye laptopu, au moja iwe diski ya kubebea kazi kwa ile adapta uliyonunua. Zifute kwa amri ya kufuta ya SSD yenyewe kabla hazijatoka mlangoni. Kubonyeza futa kwenye folda hakutoshi, na picha za harusi za wateja wako si mali yako kuziuza.